Jinsi ya kupima na kutunza seli za lithiamu ili elektrodi ya grafiti isiharibike mapema

Wanaojifunza kutengeneza betri za taa za sola, za spika na za boda boda za umeme hapa Kisumu huuliza maswali yale yale. Kwa nini seli inaonyesha volti 4.1 kwenye multimita, na bado taa inazimika kabla ya usiku wa manane? Je, seli iliyokufa kabisa inaweza kuamshwa? Je, mtu anaweza kuifungua seli ya lithiamu na kuiongezea elektroliti, yaani kimiminika kilichomo ndani yake, kama anavyoongeza maji katika betri ya gari? Maswali haya yote yanatupeleka mahali pamoja, yaani kwenye elektrodi ya grafiti iliyo upande hasi wa seli na kwenye elektroliti inayoizunguka. Ukifuata hatua zilizo hapa chini utaweza kutenga seli zilizoharibika na kuzitumia zilizosalia kwa muda mrefu zaidi.

Nadharia ya kukutosha

Grafiti ni kaboni ambayo tabaka zake zimelaliana kama mabati yaliyopangwa dukani, na nafasi iliyo kati ya tabaka mbili ni nanomita 0.335 tu. Seli inapochajiwa, ioni za lithiamu huingia kati ya tabaka hizo. Inapotumika, ioni hutoka na kurudi upande chanya. Grafiti iliyojaa hushika atomu moja ya lithiamu kwa kila atomu sita za kaboni, na ndiyo sababu gramu moja ya grafiti haiwezi kuhifadhi zaidi ya miliampea-saa 372. Rachid Yazami, mwanasayansi aliyezaliwa Fez nchini Moroko, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba lithiamu inaweza kuingizwa na kutolewa ndani ya grafiti kwa umeme. Ni vyema fundi wa Afrika alijue jina hilo.

Tatizo ni kwamba grafiti iliyojaa lithiamu hukaribia sana ukali wa lithiamu yenyewe, ikitofautiana nayo kwa takriban volti 0.1, ilhali viyeyushi vya elektroliti huanza kuvunjika mapema, tofauti hiyo inaposhuka hadi karibu volti 0.8. Kwa hiyo elektroliti haina usalama wowote mbele ya grafiti. Kinachoiokoa seli ni mabaki ya uvunjikaji huo wa kwanza, ambayo huganda juu ya grafiti na kufanya utando mwembamba mno, unaozipitisha ioni za lithiamu na kuzizuia elektroni. Utando huo huundwa kiwandani katika chaji za mwanzo, na gharama yake ni sehemu ya lithiamu isiyorudi tena kazini. Tangu siku hiyo, uhai wa seli hutegemea utando. Ukipasuka, hujiziba kwa kula lithiamu na elektroliti zaidi. Ukinenepa, ioni hupita kwa shida. Grafiti nayo hutanuka kwa karibu asilimia 10 kila inapojazwa, kwa hiyo utando hauachi kupata nyufa hata kwa mtumiaji mwangalifu. Kazi yako ni kupunguza kasi ya uharibifu huo, kwa kuwa kuukomesha kabisa hakuwezekani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Multimita inayosoma volti hadi sehemu ya mia.
- Chaja ya lithiamu inayopima pia uwezo wa seli wakati wa kuchaji na kutoa chaji.
- Kipima ukinzani wa ndani, ukimudu gharama yake. Usipokuwa nacho, hatua ya 7 inaeleza njia nyingine.
- Kipimajoto kidogo kinachoweza kugusishwa ubavuni mwa seli.
- Miwani ya kukinga macho, glavu, na ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu.
- Kalamu ya wino usiofutika, daftari, na utepe wa karatasi wenye gundi wa kufunikia ncha za seli.

Fanyia kazi mahali penye hewa ya kutosha na juu ya meza isiyopitisha umeme. Vua pete na saa ya chuma.

Hatua za kazi

1. Tambua aina ya seli. Soma maandishi yaliyo kwenye ganda. Seli iliyoandikwa volti 3.6 au 3.7 kwa kawaida hujazwa hadi 4.20. Iliyoandikwa 3.2 ni ya fosfeti ya chuma na hujazwa hadi 3.65 tu. Zote mbili hutumia grafiti upande hasi, kwa hiyo mambo yaliyomo humu yanazihusu zote, ingawa volti nitakazotaja ni za aina ya kwanza. Seli yenye maandishi yaliyofutika na ambayo hukuitoa mwenyewe kwenye pakiti inayojulikana, iache.

2. Ikague kwa macho na kwa pua. Ondoa seli yoyote yenye kutu kwenye ncha, iliyobonyea, iliyovimba, au inayotoa harufu tamu ya kiyeyushi. Harufu hiyo ni ishara kwamba elektroliti inavuja, na panapotoka elektroliti ndipo unyevu unapoingilia. Chumvi inayotumika katika elektroliti nyingi, heksafluorofosfeti ya lithiamu, ikikutana na maji hutoa asidi ya haidrofloriki. Asidi hiyo huushambulia utando, na pia huyeyusha manganizi kutoka upande chanya wa baadhi ya seli. Manganizi husafiri, hutua juu ya grafiti na kuuharibu utando zaidi. Kwako wewe ni sumu inayopenya ngozi. Taa za kuvulia omena huanguka ziwani mara nyingi, na wavuvi huzileta zikiwa zimekaushwa juani siku nzima. Hata kama taa inawaka, toa seli zake na usizirudishe kazini ukiona kutu au alama ya maji kwenye ncha chanya, kwa kuwa hapo ndipo penye tundu la kutolea gesi.

3. Pima volti ya seli ikiwa imepumzika. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Seli iliyo juu ya volti 3.0 endelea nayo. Iliyo kati ya 2.5 na 3.0 endelea nayo kwa mkondo mdogo sana, usiozidi sehemu ya kumi ya uwezo wake, mpaka ipite 3.0. Iliyo kati ya 2.0 na 2.5 ijaribu tu ikiwa unajua haikukaa hivyo kwa muda mrefu, na uwe karibu nayo wakati wote. Iliyo chini ya 2.0 usiichaji.

Najua kwamba wengi huichaji, na kwamba mara nyingine huonekana kupona. Elewa kinachotokea ndani. Grafiti imepakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Chaji inapoisha kupita kiasi, lithiamu yote huondoka kwenye grafiti, volti ya upande huo hupanda, na utando huanza kuvunjika. Ikiendelea kupanda hadi takriban volti 3.4 ikilinganishwa na lithiamu, shaba yenyewe huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti. Unapoirudishia seli chaji, shaba iliyoyeyuka haiendi kukaa ilikotoka. Huganda ovyo juu ya grafiti, na huweza kumea hadi ipenye kitenganishi kilicho kati ya pande mbili za seli na kugusa upande wa pili. Seli ya namna hiyo inaweza kufanya kazi wiki kadhaa ikiwa mezani mwa mwanafunzi anayesoma, halafu ikashika moto usiku. Kuiamsha seli kwa kuigusisha na betri nyingine, jinsi inavyoonyeshwa katika video nyingi, hakuirudishi shaba mahali pake. Mteja akilalamika kwamba unamharibia mali, mweleze haya, na usikubali kuichaji.

4. Chaji kwa mkondo wa wastani. Tumia kati ya sehemu ya tano na nusu ya uwezo wa seli: kwa seli ya miliampea-saa 2,000, hiyo ni kati ya miliampea 400 na 1,000. Ukiharakisha, ioni hufika kwenye grafiti kwa wingi kuliko zinavyoweza kuingia kati ya tabaka, na ziada hujipaka juu yake kama metali ya lithiamu. Metali hiyo hula elektroliti, na inapokua kama sindano huhatarisha seli nzima.

Ubao mdogo wa kuchajia wa TP4056, unaopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya elektroniki, kwa kawaida huja ukiwa umewekwa ampea 1. Kwa seli ya miliampea-saa 800 mkondo huo ni mkubwa mno. Ukibadilisha rezista yake ya kilo-omu 1.2 ukaweka ya kilo-omu 2, utatoa takriban miliampea 580, ambazo bado zinazidi nusu ya uwezo wa seli hiyo. Weka ya kilo-omu 4, utapata karibu 300.

Onyo: usiichaji pakiti ya lithiamu kwa kidhibiti cha sola kilichotengenezewa betri za asidi. Kidhibiti hicho hupandisha hadi volti 14.4 au zaidi. Pakiti ya seli tatu mfululizo inatakiwa kukoma 12.6, kwa hiyo pasipokuwa na saketi ya ulinzi kila seli itasukumwa kuelekea volti 4.8. Ikifika hapo grafiti haina nafasi tena ya kupokea lithiamu, na elektroliti huvunjika pande zote mbili.

5. Fuatilia joto. Gusisha kipimajoto kwenye seli inapochajiwa. Watengenezaji wengi huweka mpaka wa kuchaji kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi. Seli inayopita 45 kwa mkondo mdogo ina kasoro ndani. Iondoe, ipeleke nje, uiweke juu ya mchanga.

6. Ipumzishe na uangalie inavyopoteza chaji. Ikishajaa, iache saa 24 kisha andika volti kwenye ganda lake pamoja na tarehe. Ipime tena baada ya wiki mbili. Kushuka kidogo sana ni kawaida. Mimi huikataa seli iliyoshuka kwa zaidi ya volti 0.05 kati ya vipimo hivyo viwili, hata kama uwezo wake ni mzuri, kwa sababu chaji inayopotea bila kazi ina njia inayopitia, na njia hiyo huenda ni metali iliyomea ndani. Wanafunzi hulalamika kwamba wiki mbili ni nyingi. Hakuna kipimo kingine rahisi kinachoifichua kasoro hiyo.

7. Pima uwezo na ukinzani. Toa chaji kwa mkondo wa sehemu ya tano ya uwezo hadi volti 3.0 na uandike miliampea-saa zilizotoka. Usiamini kilichochapishwa kwenye ganda. Seli ya milimita 18 kwa 65 iliyoandikwa 9,900 ni ya udanganyifu. Zilizo nzuri sana za ukubwa huo hufika karibu 3,500, na kikomo cha grafiti nilichokitaja hapo juu ni mojawapo ya sababu.

Kama huna kipima ukinzani, pima volti ya seli bila mzigo, kisha uipime ikiwa na mzigo wa ampea 1 kwa sekunde chache. Seli iliyoshuka kutoka 4.10 hadi 4.00 ina ukinzani wa omu 0.1, yaani miliomu 100. Seli nyingi za aina hii zikiwa mpya huwa kati ya miliomu 20 na 70. Hapa ndipo jibu la swali la kwanza linapopatikana: utando ulionenepa hauondoi volti ya seli isiyo na mzigo, ila taa inapowashwa, volti huanguka papo hapo na saketi ya taa hudhani chaji imekwisha. Pima seli zote zikiwa na joto moja na kiwango kimoja cha chaji, la sivyo vipimo havitalinganishika.

8. Zipange na uziunganishe. Weka pamoja seli zenye uwezo na ukinzani unaokaribiana. Iliyobaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa kweli wa ilipokuwa mpya inafaa kwa kazi nyingi. Yenye 60 inatosha kwa taa ya nyumbani, lakini si kwa pikipiki. Tumia saketi ya ulinzi inayokata chini kwa 2.8 au 3.0 na inayosawazisha seli. Unganisha kwa vipande vya nikeli na mashine ya kuchomelea ya mpigo mfupi. Ukilazimika kutumia risasi, usishikilie ncha ya moto kwenye seli, kwa kuwa utando huanza kuharibika kwenye joto la nyuzi 80 hadi 120.

9. Chagua mahali pa kuiweka pakiti. Kisumu mchana hufika nyuzi 30 na zaidi, na chini ya bati lisilo na dari joto hupanda mbali zaidi ya hapo. Kwa kanuni ya kukadiria ya wanakemia, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huongeza kasi ya mmenyuko karibu maradufu, na utando hunenepa kwa kanuni hiyo hiyo. Joto likiungana na chaji iliyojaa pomoni, uharibifu huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo usiifunge pakiti nyuma ya paneli juu ya paa, jambo ambalo nimeliona katika nyumba nyingi kutoka Kondele hadi Ahero. Ishushe ukutani, upande usiopigwa na jua la alasiri, na uache nafasi ya hewa kupita. Chaja ikiruhusu, ikomeshe kwenye 4.10 badala ya 4.20, utapoteza sehemu ndogo ya chaji ya usiku mmoja na kupata miezi mingi zaidi ya huduma.

Molo, Mau Narok na Timboroa mambo hugeuka. Kule alfajiri huwa na baridi kali, na ioni huingia kwenye grafiti kwa uvivu; anayechaji kwa kasi saa hizo huipaka grafiti metali. Subiri jua lipande au punguza mkondo. Kuitumia betri kwenye baridi hakuna madhara makubwa, ila itaonekana dhaifu kidogo. Nakuru mjini tatizo hili ni dogo kwa wanaochaji taratibu.

10. Seli za akiba zihifadhi zikiwa nusu. Volti 3.7 hadi 3.8, mahali pakavu na baridi, na uzipime kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu kuifungua seli na kuiongezea elektroliti

Usifanye hivyo. Betri ya asidi hupoteza maji, na maji hurudishwa. Seli ya lithiamu hujazwa ndani ya chumba chenye hewa kavu kuliko hewa yoyote utakayoipata kando ya ziwa, kwa sababu ya ile asidi inayotokana na unyevu. Hata ungeushinda unyevu, bado ungehitaji kiyeyushi sahihi, na grafiti haisamehe kosa hapo. Kaboneti ya ethilini na kaboneti ya propilini zinatofautiana kwa kundi dogo tu la kaboni moja na haidrojeni tatu. Ya kwanza hujenga utando mzuri. Ya pili, ikiwa ndiyo kiyeyushi kikuu, hufuatana na lithiamu hadi ndani ya tabaka, huvunjika humo, na kuichambua grafiti vipande vipande. Ndiyo sababu betri ya kwanza ya ioni za lithiamu iliyouzwa na Sony mwaka 1991 ilitumia kaboni isiyo na mpangilio kamili wa grafiti. Mwaka 1990 Jeff Dahn na wenzake nchini Kanada walikuwa wameshaonyesha kwamba grafiti hudumu ikiwa na kaboneti ya ethilini, na viwanda vilihamia huko hatua kwa hatua. Leo watengenezaji huongeza pia viambajengo vidogo, kama kaboneti ya vinilini, ili utando uwe imara zaidi, na kila kiwanda huficha vipimo vyake. Elektroliti unayouziwa kwenye chupa haijui utando wa seli yako ulijengwaje.

Dalili na la kufanya

*Uwezo umeshuka polepole kwa muda mrefu, kisha umeanguka ghafla ndani ya wiki chache.* Mara nyingi hii ni metali ya lithiamu inayojipaka juu ya grafiti ambayo vinyweleo vyake vimeziba. Usiipunguzie kazi ukitumaini itapona. Iondoe.

*Seli bapa ya simu au ya spika imevimba.* Ni gesi za elektroliti iliyovunjika, zikiwemo ethilini na kaboni dioksidi. Usiitoboe ili ilale. Hewa na unyevu vikikutana na grafiti iliyojaa lithiamu, moto unaweza kuwaka.

*Pakiti nzima inazimika mapema ingawa seli nyingi ni nzuri.* Pima kila kundi wakati taa inawaka. Lile linaloanguka kwanza ndilo linaloikatisha saketi. Ukilibadilisha, weka seli zenye uwezo unaolingana na wenzake, si mpya kabisa.

*Chaji haifiki 4.20 hata baada ya saa nyingi, na mkondo haupungui.* Seli inapoteza chaji ndani kwa kasi inayokaribia ile unayoiingiza. Zima chaja sasa hivi, kisha uipeleke nje.

*Seli imefika kwa fundi ikiwa sifuri lakini multimita inaonyesha 3 na kitu kwenye ncha za ndani.* Hapa seli huenda ni nzima na ni saketi ya ulinzi iliyokata. Ichaji kupitia chaja yake kwa dakika chache ili saketi ifunguke, kisha rudi hatua ya 3 uipime moja kwa moja.

Seli ulizozikataa zifunike ncha zote mbili kwa utepe wa karatasi wenye gundi, uziweke ndani ya ndoo ya mchanga mkavu nje ya karakana, na uzikabidhi kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni. Usizichome pamoja na takataka nyingine, kwa kuwa moshi wake hubeba ile asidi iliyotajwa katika hatua ya 2, na usizitupe shimoni wala ziwani.